Picha Aliyoisoma Salomon

Pale Salamabila, mji wa wachimba dhahabu, ukitaka kumsifu Salomon, usijisumbue: atajisifu mwenyewe. Alikuwa fundi wa simu, mtu wa miaka thelathini na minane, bisibisi daima nyuma ya sikio, na ukimwita fundi anakusahihisha: Docta. Sisemi kwamba hakuwa na kipaji. Alikuwa nacho, tena kingi. Ila kipaji na majivuno vilikaa chumba kimoja mle kichwani mwake, na majivuno ndiyo yaliyolala kitandani. Watu walimpenda hivyo hivyo, kwa sababu vitu vilivyokufa alivirudisha.

Mwaka huo, mvua zikiwa zinaanza, watu wenye silaha waliingia sokoni asubuhi wakakusanya simu zote. Za wachimbaji, za wauza mihogo, za wamotard, wale waendesha pikipiki waliokuwa wanangoja abiria. Walidai kuna wanaopiga simu kutoa habari zao. Kwenye meza ya Salomon walibeba hata zile zilizopasuka. Kitu kimoja tu walimwachia: konsoli ndogo ya michezo, ya kushika mkononi, ya zamani, ambayo mhandisi mmoja aliitupa ikiwa mfu naye akaifufua. Mmoja wa wale watu alibonyeza vitufe viwili, akaona gari dogo linakimbia kwenye kioo, akacheka.

"Mutu muzima na jeu ya watoto," akasema, akaitupa mezani, wakaenda zao.

Hawakujua kwamba ndani ya ile jeu ya watoto kulikuwa na programu moja. Salomon aliipata zamani alipokuwa Uvira, kwenye ukurasa wa watu wanaopenda mashine zilizosahauliwa. Haikutoka kiwandani. Mtu mmoja, nchi yake haijulikani, aliitengeneza nyumbani kwake kwa kupenda tu, bila mshahara, ili konsoli ile iweze kufungua mtandao wa marafiki ule ule ambao watu huufungua kwenye simu. Ilikuwa kama lutuku, pombe kali ya kienyeji: haina lebo, imepikwa nyuma ya nyumba, lakini kazi yake inaifanya. Ilionyesha jumbe ishirini za mwisho, maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Sauti haikutoa. Picha haikuonyesha, mahali pa picha ilichora kisanduku cha kijivu, basi. Aliyeitengeneza alikuwa ameandika mwanzoni kabisa, kwa uungwana, kwamba picha bado hajazishughulikia.

Wiki ile ile mnara wa simu nao ulinyamaza, wezi walipobeba betri zake. Wifi ilibaki mahali pamoja tu, kwenye comptoir, nyumba ya kununulia dhahabu, yenye sahani ya satelaiti juu ya bati. Wenye comptoir walifunga geti, hawakutaka kuonekana wanamsaidia mtu yeyote. Lakini mlinzi wao, Papa Déo, alikuwa na redio ambayo Salomon aliifufua mara tatu, naye akamnong'oneza namba za siri. Basi kila asubuhi Salomon alizunguka nyuma ya ukuta wa comptoir, akachuchumaa kati ya migomba, akafungua konsoli, akaingia kwa majina na maneno ya siri ambayo watu walimpa, akanakili ujumbe kwenye daftari la shule, maana ukiondoka pale ukutani hatua kumi tu, kioo kinafutika. Kisha alirudi mezani kwake, ambako watu walikuwa wamekwisha panga mstari, akawasomea.

Usiulize walifurahi namna gani. Mji mzima ulikuwa umeachwa gizani, na huyu mtu anakuja na daftari anakuambia dada yako amejifungua, kaka yako amepata kazi Kindu, shangazi anakusalimu. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa mpaka kikamziba macho. Alitangaza mbele ya watu kwamba mashine yake inaonyesha kila kitu, kabisa kila kitu, kupita hata simu.

Kesho yake akaja Mama Hawa, muuza chumvi, ambaye mtoto wake wa pekee alikuwa Lubumbashi. Salomon akamsomea salamu.

"Na picha, Docta?" akauliza Mama Hawa. "Junior hakosi kutuma picha."

Kisanduku kilikuwapo, kweli. Salomon angeweza kusema: mashine haionyeshi picha. Lakini jana alikuwa amejipiga kifua, na mstari ulikuwa na watu ishirini, wote masikio wazi.

"Picha iko, Mama," akasema. "Amevaa shati nyeupe. Amenenepa. Anacheka."

Mama Hawa alimshika mikono yote miwili akalia kwa furaha, na wale wa nyuma yake wakalia naye. Mimi kwa hilo simlaumu Salomon sana. Nani angemnyima mama yule? Namlaumu kwa utamu aliouonja. Toka siku ile picha ndizo zilizongojewa kuliko maneno, naye akawa anazipika: harusi zenye maua, watoto wenye mashavu, nyumba za bati jipya. Alitia chumvi kwa mikono miwili. Baada ya wiki mbili hata yeye mwenyewe alizungumza kama mtu aliyeziona.

Sasa wamotard. Hawa walikuwa na kundi lao kwenye mtandao, wakiliita Famille ya Barabara, kuanzia Salamabila kupita Wamaza mpaka Kasongo. Walipokwisha nyang'anywa simu, mmoja wao, Hippolyte, alimpa Salomon jina lake na neno lake la siri, ili awe anawasomea habari za njia. Hippolyte alikuwa shemeji yake, bwana wa Elsa, mdogo wake Salomon wa tumbo moja. Alikuwa mtu mpole, asiye na maneno mengi, na pikipiki yake nyekundu aliiosha kila Jumamosi kama mtoto anayepelekwa kanisani.

Na lazima nikuambie siri ambayo Salomon hakuijua. Wamotard walijua kwamba kwenye barière, vile vizuizi vya watu wenye silaha njiani, simu zao husomwa. Kwa hiyo habari ya njia hawakuiandika kamwe. Kila asubuhi, Bruno, motard wa Wamaza, aliandika maneno yale yale: "Tumefika. Mungu asifiwe." Atakayeisoma ataona watu wa Mungu tu. Ukweli ulikuwa kwenye picha. Pikipiki ikiwa wazi, imesimama inatazama barabara, basi njia ni safi, twende. Pikipiki ikiwa imefunikwa bashi, turubai lile la buluu, basi kuna watu njiani na asithubutu mtu kutoka. Walikula kiapo wasimwambie mtu asiye motard, hata mke ndani ya nyumba. Kiapo hicho kilikuwa kimeokoa watu wengi, na walikishika sawasawa.

Mimba ya Elsa ilikuwa ya kwanza, na walikuwa wameingoja miaka sita. Jumatatu moja Mama Rosine, muuguzi wa pale, alimpapasa tumbo muda mrefu, akapapasa tena.

"Mutoto amelala kwa ubavu," akasema. "Hapa sina namna. Mumupeleke Kasongo, wamupasue. Uchungu haujaanza bado. Muko na siku tatu, labda ine. Zisipite."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni barabara, kwa pikipiki: asubuhi unatoka, mchana uko Wamaza, jioni Kasongo. Ya pili ni njia ya msituni, kwa tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani na wanaume wanne: siku mbili mpaka Wamaza ukiizunguka barabara yote ya hatari, kisha pikipiki ya huko inakupokea mpaka Kasongo. Ni mateso kwa mwenye mimba, lakini hakuna anayekungojea kule msituni ila mvua. Hippolyte hakuwa mjinga. Alitafuta wabebaji wanne, wakaja Jumanne alfajiri, wakala bugali nyumbani kwa Mama Mado, mama yao Salomon na Elsa, wakafunga kamba za tipoyi wakakaa mlangoni. Kisha akaenda kwa Salomon kuuliza habari za njia, ili achague.

Elsa alifuatana naye, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwa bwana wake. Mstari ulikuwa mrefu siku hiyo. Watu waliwapisha mbele kwa ajili ya tumbo lile, wakakaa wanasikiliza, maana kwa Docta kila habari ilikuwa ya wote.

"Shemeji," Hippolyte akasema, "Bruno ameandika leo?"

Salomon alifungua daftari. "Ameandika. 'Tumefika. Mungu asifiwe.'"

"Na picha iko?"

"Iko."

"Iko namna gani? Unielezee vizuri, usiruke kitu."

Salomon aliona ni udadisi tu, kama wa Mama Hawa. Alijua wamotard hupigana picha na pikipiki zao, hawana kingine cha kupiga. Akainua macho kutafuta maneno, na mbele yake, chini ya paa la soko, ilikuwa imesimama pikipiki ya Hippolyte mwenyewe. Akaieleza ile.

"Pikipiki nyekundu," akasema, sauti yake ile ya kusomea. "Imeoshwa, inang'aa sawa mpya. Imesimama pembeni ya barabara, sura yake inatazama njia. Jua linapiga kwa tangi."

"Inang'aa?" Hippolyte akauliza. "Umeiona yote? Haina kitu juu?"

"Shemeji, mi si kipofu. Iko wazi kabisa. Picha nzuri sana."

Hippolyte alishusha pumzi, mabega yakamlegea, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitabasamu. Akamgeukia mke wake. "Tunapita barabara," akamwambia. "Jioni utakuwa kwa docta wa kweli." Watu wakacheka kwa utani ule, Salomon naye akacheka.

"Yaya, Mungu akubariki," Elsa akamwambia kaka yake.

Wabebaji waliambiwa warudi makwao. Mama Mado, ambaye masikio yake hayakusikia tena vizuri na miguu ilikuwa imevimba, alisindikizwa mpaka mlangoni, akamwekea binti yake vitenge viwili vya kumpokelea mtoto. Saa mbili asubuhi Hippolyte aliwasha pikipiki, Elsa nyuma yake amekaa upande, wakashika barabara ya Wamaza.

Saa tisa mchana akaja mezani Kasimu, mkubwa wa wamotard wa Salamabila, mtu mzima mwenye kovu kidevuni na heshima ya kila mtu. Alikuwa ametoka kupeleka wachimbaji kwenye mashimo, na ndiyo kwanza alisikia kwamba Hippolyte ameondoka.

"Docta, uliwasomea picha ya Bruno?"

"Niliwasomea."

"Ilikuwa wazi?"

"Wazi, Papa Kasimu. Inang'aa."

Kasimu alivuta kiti, akakaa, akatazama huku na huku. "Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Ni wiki tatu unatutumikia, na hujauliza kitu. Nimeongea na wenzangu. Weye sasa uko mutu wetu, na mutu wetu hatumufichi." Hapo akamweleza habari ya bashi la buluu, kila neno, kama mtu anayetoa zawadi. Alipomaliza akampiga bega. "Ndiyo juu ya nini tunakuuliza picha kila siku. Umetuokoa mara ngapi na hujui!"

Salomon aliyarudia maneno yale moyoni. Mara ngapi! Kumbe kila siku, kwa wiki tatu, alikuwa anawatupia watu wale bahati nasibu, na kila siku ikatokea njia ni safi. Alifungua mdomo. Ulikuwa wakati wa kusema, na Kasimu alikuwa mtu wa kuwasha pikipiki na kufukuzia. Lakini akaanza kuhesabu saa. Alijiambia wameondoka saa mbili, sasa ni saa tisa, wamekwisha fika. Alijiambia labda kweli ilikuwa wazi. Akasema, "Asante, Papa Kasimu," na yule akaenda zake akipiga mluzi.

Salomon alikimbia nyuma ya comptoir. Ujumbe wa Bruno ulikuwa pale pale na kisanduku chake. Akakitazama kama mtu anayetazama mlango. Kuandika kwenye mashine ile ni kazi: unachagua herufi moja moja kwa mshale. Aliandika, kwa jina la Hippolyte: "Bruno, pikipiki iko wazi ao umefunika?"

Fikiria wenzake Bruno kule walivyoshtuka. Mtu ameiandika siri kwa maneno, hadharani. Na simu za wenzao wa Salamabila zilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Waliona adui ameingia ndani ya nyumba. Mmoja baada ya mwingine walijitoa kwenye kundi. Salomon alisoma majina yao yakiondoka. Bruno peke yake ndiye aliyejibu, labda alitaka kumsaidia Hippolyte kama kweli ni yeye. Hakuandika neno. Alituma picha.

Kisanduku cha kijivu. Salomon alikibonyeza, akakizungusha, akaizima mashine na kuiwasha, akaishika juu ya kichwa chake kama inanyesha. Kilibaki kijivu. Mwishoni betri ikaisha, naye akabaki amechuchumaa kati ya migomba mpaka Papa Déo alipokuja kumwambia aondoke.

Habari ilifika Alhamisi, kwa miguu. Wakulima wa upande wa Wamaza walisikia risasi Jumanne karibu na daraja. Hippolyte alipigwa kifuani akafa pale pale. Pikipiki ilibebwa. Elsa walimkuta mtaroni, tumbo limegonga chini, wakambeba kwenye tipoyi yao mpaka Wamaza. Ni Bruno aliyempeleka Kasongo, usiku kucha kwenye matope. Walimpasua. Yeye akapona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa.

Wiki zilizofuata Salomon alisema mashine imeharibika. Watu walimletea maharagwe na kuku ili apate moyo wa kuitengeneza, masikini, wakijua amefiwa na shemeji. Hakukosa usingizi tu. Alikosa hata hamu ya kujiita Docta. Na huku kwenye kijiwe cha wamotard, neno lilikuwa linaiva bila yeye. Njia ilikuwa na watu, na picha ilikuwa wazi. Basi Bruno ametuuza. Ameipiga picha pikipiki bila bashi akijua. Amelipwa. Walilirudia kila siku mpaka likawa kama jambo walilolishuhudia. Salomon alilisikia, akainamisha kichwa, na kwa aibu yangu yote nasema: kuna asubuhi alizoliamini kidogo, kwa sababu lilimpa nafasi ya kupumua.

Siku ya arobaini ndiyo ya kuondoa matanga. Elsa alitaka awepo nyumbani, na njia ilikuwa imetulia. Aliyemleta alikuwa Bruno, kwa pikipiki yake mwenyewe, bila kuchukua kitu. Kijana yule hakujua lolote lililokuwa linasemwa juu yake. Aliingia Salamabila na Elsa nyuma yake, akashuka katikati ya uwanja wa nyumba ya Mama Mado, akavua kofia yake kuwapa watu pole, na wamotard kumi na watano wakamzunguka.

Hawakumpiga kwanza. Kasimu alikuwa mtu wa haki, alitaka mambo yasemwe. Lakini nyuma ya mgongo wake kulikuwa na tairi, na mmoja alikuwa ameshika bido, dumu la petroli.

"Elsa," Kasimu akasema, "binti yangu, siku ile Salomon aliwaelezea picha ya huyu. Alisema nini? Watu wote wasikie."

Elsa alikuwa amekonda, kitambaa cheusi kichwani, macho makubwa. Alitazama lile tairi, akaelewa. Hakupenda kusema, ila hakuwa mtu wa uongo.

"Alisema pikipiki iko wazi. Inang'aa. Jua linapiga kwa tangi."

"Uongo!" Bruno akapiga kelele. "Nilifunika! Naapa kwa mama yangu, nilifunika na bashi, na mvua ilikuwa inanyesha, jua lilitoka wapi? Na nilipoulizwa nilituma tena, imefunikwa!"

"Mumoja wao anadanganya," mtu mmoja akasema, "na Salomon ni ndugu ya marehemu." Mwenye bido alifungua kifuniko. Harufu ya petroli ilienea uwanjani, na watoto wakavutwa ndani ya nyumba.

Salomon alikuwa amesimama karibu na mlango. Ninyi mnaojua namna ya kuhukumu, mfikirie alichokuwa nacho mkononi. Alihitaji tu kunyamaza. Hakuna mtu Salamabila nzima aliyeweza kuichunguza ile picha, na kesho angeamka bado ni Docta, kaka wa mjane, mtu wa kupewa pole. Bruno alikuwa analia sasa, amepiga magoti, anawaita wenzake kwa majina. Salomon alimtazama, akakumbuka ni huyu aliyembeba dada yake usiku kucha kwenye matope.

"Anasema kweli," Salomon akasema.

Hawakumsikia. Akasema tena, kwa nguvu. "Bruno anasema kweli. Mi sikuona picha. Mashine yangu haionyeshi picha. Haijaonyesha hata moja. Zote nilizisema kwa kichwa."

Mama Hawa, aliyekuwa akichambua majani ya mihogo na wanawake wengine, aliweka mkono kinywani, maana na yeye alikumbuka picha ya Junior. Kasimu alimtazama Salomon muda mrefu, na ile heshima ikamtoka usoni polepole mpaka ikaisha.

"Hata nilipokuuliza saa tisa?" akasema.

"Hata saa tisa."

Mwenye bido alihama, akaliacha tairi kwa Bruno na kumkabili Salomon. Wengine wakahama naye. Salomon hakukimbia. Lakini Elsa alitembea, polepole, kama anavyotembea mtu mwenye mshono tumboni, akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele ya kaka yake.

"Juu ya nini hukusema tu: sioni?"

"Watu walikuwa wengi," Salomon akasema. "Niliona haya."

"Haya," Elsa akasema. Alilitamka lile neno kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Yaya, wabebaji walikuwa wane. Walikuwa wamesha kula. Tipoyi ilikuwa mulangoni."

"Najua."

"Leo watu wangekuja kumutoa mutoto wangu inje. Arobaini yake."

Salomon alilia, machozi na kamasi, bila kujifuta. Elsa hakulia. Alimgeukia Bruno, akamsaidia kuinuka, akamkung'uta vumbi magotini kwa ncha ya kitenge chake, akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yao. Kisha akawaambia wamotard, "Musimuguse. Mukimuchoma, nitabaki mi ndiye wa kumuambia mama. Sitaki. Aende amuambie yeye mwenyewe, kwa kinywa chake."

Kasimu akainua mkono. Wakampisha, mmoja upande huu na mmoja upande ule, na mwenye bido akafunga kifuniko.

Mama Mado alikuwa ndani, miguu imenyooshwa kwenye mkeka, na kwa masikio yake yale hakuwa amesikia lolote la uwanjani. Aliona kivuli mlangoni, akainua uso, akamtambua mwanawe wa kiume, aliyebaki peke yake kuwa mwanamume wa nyumba. Akajisogeza ukutani, akampa nafasi akae.